Kruza ya kwanza: anza na mguu wako, si na cc

Swali: Fundi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Nzuguni hapa Dodoma na kazi yangu iko Mtumba. Nimechoka kugombania daladala asubuhi. Pikipiki naijua kidogo, nilijifunzia kwenye Boxer ya kaka yangu, na leseni ninayo. Ila Boxer siitaki. Nataka zile za kukaa chini, usukani mpana, miguu mbele, wanazoziita kruza. Kila mwisho wa mwezi naenda Kondoa kumwona mama, na kutoka kwenye lami mpaka nyumbani kuna kama kilomita sita za vumbi. Nina urefu wa sentimita 157 na kilo 58. Mtu mmoja ameniambia nichukue ya cc 1100 moja kwa moja, ati ndogo nitaichoka. Mwingine anasema kruza si pikipiki ya mwanamke. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Wote wawili waache. Huyo wa cc 1100 anakugawia ndoto yake mwenyewe. Huyo wa pili hajawahi kuiweka kruza pembeni ya Boxer akaangalia viti, maana kama kuna pikipiki iliyoumbwa kwa mtu mwenye miguu mifupi, ni kruza.

Najua hapa Dodoma ukitamka kruza mtu anageuka kutafuta gari la mkurugenzi. Tunazungumzia pikipiki iliyozaliwa kwenye barabara ndefu za Marekani, zile zinazonyooka mpaka macho yachoke. Ndiyo maana ikachongwa hivyo. Kiti kiko chini, shokapu za mbele zimelala, gurudumu la mbele limetangulia mbali, usukani unakufuata mikononi badala ya wewe kuuinamia, na injini inavuta tangu mizunguko ya chini bila kupigiwa kelele. Kwa anayeanza hayo ni mazuri matupu. Unasimama kwenye taa na nyayo ziko chini, unaachia klachi taratibu na chombo kinaondoka bila kukurusha. Tatizo ni kwamba waliochora umbo hilo hawakuwahi kufikiria korongo la mchanga, wala matuta yetu.

Tuanze na mguu, kwa sababu huo ndio huwezi kuubadilisha.

Leo jioni vua viatu, simama ukiwa umeegemea ukuta, chukua daftari la jalada gumu ulibane katikati ya mapaja kama vile umelikalia, halafu mtu akuwekee alama ukutani usawa wa ukingo wake wa juu. Kutoka sakafuni hadi kwenye alama ndio urefu wa mguu unaohesabika kwenye pikipiki. Mtu wa sentimita 157 mara nyingi hupata 71 au 72, lakini usiichukue hesabu yangu. Nimewahi kuwapima ndugu wawili wa tumbo moja, vichwa sawasawa, wakapishana sentimita nne: mmoja alikuwa na kiwiliwili, mwenzake ana miguu.

Tuseme umepata 72. Kiatu cha soli nene kinakuongezea sentimita mbili au tatu. Ukikaa, shokapu zinashuka nyingine mbili hivi. Usifurahi haraka, kwa sababu miguu haishuki wima. Inapanuka kuzunguka kiti, na kiti kipana kinakunyang'anya karibu kila ulichoongezewa. Kwa hiyo kiti cha sentimita 72 kushuka chini, nyayo zako zote mbili zitalala. Kiti cha 74, kisigino kitaelea kidogo, na hilo si kosa. Kiti cha 77, utashika kwa vidole na mbele ya wayo. Hapo utaendesha vizuri tu kwenye lami, shida itakuja siku utakaposimama sehemu yenye kokoto na upande mmoja umebonyea.

Sasa zishike namba hizi. Honda Rebel ya zamani ya cc 250 ina kiti cha kama sentimita 68. Rebel 500 iliyotoka 2017 iko 69. Yamaha Virago 250 iko kwenye 68 na nusu. Bajaj Avenger 220 inakaribia 74. Royal Enfield Meteor 350 iko 76 na nusu. Zote zinaitwa kruza, na tofauti ya ya kwanza na ya mwisho inazidi upana wa kiganja chako.

Uzito sasa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumbuka mimi mwenyewe.

Miaka kumi na kitu iliyopita nilikuwa na hiyo hiyo cc 1100 unayoshauriwa. Ilikuwa nzuri kweli, ekzosi mbili, kromu inayoakisi mpaka ndevu zako. Siku moja nikakata njia ya Mvumi. Kuna korongo pale ambalo kiangazi linabaki mchanga mtupu. Nikaingia nayo polepole kama mtu mwenye akili, gurudumu la mbele likazama, pikipiki ikalala ubavu. Sikuumia hata ukucha, mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea. Lakini chombo kilikuwa na zaidi ya kilo 220, mchanga unateleza chini ya buti, na jua la saa saba lile unalijua. Nilivuta, nikasukuma, nikakaa. Wakaja vijana watatu na mbuzi wao. Sisi huku, ukame ukizidi na ng'ombe akilala asiweze kusimama, wanaume humshika pembe na mkia wakamwinua. Wale vijana waliishika pikipiki yangu hivyo hivyo, wawili usukani, mmoja nyuma, ikasimama. Halafu mdogo kuliko wote akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, ng'ombe wa kuanguka hivi nyumbani si huwa anauzwa?"

Niliiuza kabla ya masika.

Kwa hiyo kipimo changu cha pikipiki ya kwanza si namna inavyokwenda. Nenda kwa muuzaji, injini ikiwa imezimwa, gia iko huru, simama pembeni yake, shika usukani, kisha irudishe nyuma mita kumi kwenye changarawe au kimteremko kidogo, peke yako. Muuzaji akikimbilia kukusaidia mwambie atulie. Ukiweza bila mikono kutetemeka, tuendelee na mazungumzo. Ukishindwa, hata kama uliiendesha mpaka Ihumwa na kurudi ukicheka, bado si yako. Siku itakayozimika katikati ya barabara ya Morogoro na lori la kwenda Singida linakuja nyuma, utakachohitaji ni kuisukuma.

Ulinganishe hivi: Boxer ya kaka yako inacheza kwenye kilo 110 hadi 125. Virago 250 ikiwa na mafuta ni karibu 147. Rebel ya zamani ya 250 ni kama 150. Avenger 220 ni 163. Meteor 350 na Rebel 500 ziko kwenye 190. Ukipanda kwenye Yamaha DragStar 400 umevuka 230, na Harley-Davidson Sportster 883, ambayo watu huiita "Harley ndogo", inazidi 250. Kwa mwili wa kilo 58 na mazoea ya Boxer, mpaka 165 utaumudu ndani ya wiki mbili. Kwenye 190 utaumudu lami, lakini zile kilomita sita za Kondoa zitakufundisha kwa fimbo.

Ikianguka (na ya kwanza huanguka mara moja, kwa kawaida uwanjani kwako watu wakiangalia), usiiinue kwa kuinama na kuvuta kama ndoo ya kisimani. Mgongo utakatika. Zima injini. Ingiza gia ili isiteleze. Kama imelala ubavu wa kulia, fungua stendi ya kushoto kwanza, la sivyo utaiinua na kuiangusha upande wa pili, nimeona. Geuza usukani mpaka mwisho kuelekea chini ilikolala, ipe mgongo, chuchumaa makalio yakigusa kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma imara cha nyuma, halafu rudi kinyumenyume kwa hatua fupi, miguu ndiyo ifanye kazi. Dada wa kilo 58 anainua Virago 250 kwa njia hiyo. Ijaribu siku ya kununua, juu ya godoro kuukuu.

Kuhusu cc, watu wanazitaja kama umri wa mzee wa ukoo, wakati kinachokuhusu ni injini inavuta lini. Chukua Avenger 220 na Meteor 350. Nguvu farasi zao zinakaribiana sana, ya kwanza kama 19, ya pili kama 20. Ukiishia hapo utasema ni mapacha. Lakini Avenger inafikisha kilele cha mvuto wake, kama Nyutoni-mita 17 na nusu, kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Meteor inatoa 27 kwenye 4,000 tu. Maana yake ukikutana na kilima, na mzigo wa mchele wa mama nyuma, Avenger itakuomba gia ndogo na kelele, Meteor itapanda huku inaguna. Hiyo ndiyo ladha ya kruza yenyewe. Virago 250 nayo nguvu zake haziko mbali na hizo, ila silinda zake mbili zilizokaa kwa umbo la V zinavuta kwa ulaini, haikurushi, na inakwenda 80 hadi 90 siku nzima bila manung'uniko. Ukitaka 120, hapo umechagua chombo kisicho chake.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo muuzaji wa pwani hatakwambia. Dodoma mjini tuko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ukilinganisha na Dar es Salaam. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa pwani ikifika huku inakunywa mafuta mengi kuliko hewa inayopata. Plagi zinakuwa nyeusi, moshi unanuka, na fundi wa haraka anakwambia ringi zimekwisha. Kabla hajafungua injini mwambie asafishe filta ya hewa, kisha arekebishe skrubu ya hewa ya kabureta. Vumbi la Agosti linaziba filta kwa nusu ya muda ulioandikwa kwenye kitabu.

Utauliza kwa nini kruza nyingi za Kijapani unazoziona mkononi mwa watu ni ama 250 ama 400. Ni sheria ya kwao. Japani pikipiki isiyozidi cc 250 haidaiwi ule ukaguzi wa lazima wa kila baada ya muda, na cc 400 ndiyo mpaka wa leseni ya kati. Viwanda vikajaza hayo madaraja mawili. Faida kwako ni kwamba 250 nzuri ni nyingi. Tahadhari ni kwamba 250 ingeweza kukaa miaka bila mkaguzi kuigusa, kwa hiyo mkaguzi utakuwa wewe.

Sasa tairi. Watu hawaniulizi kabisa habari ya tairi, na ndilo lililowafanya wateja wangu wawili waegeshe pikipiki miezi mitatu. Bodaboda zetu ni rimu 17 au 18, na duka lolote la Majengo lina tairi zake mpaka zinaning'inia dirishani. Virago 250, Rebel ya zamani na hata Avenger zina tairi la nyuma la inchi 15, namba yake 130/90-15. Hilo hulikuti dukani kwa kulipitia tu. Meteor ina 17 nyuma na 19 mbele, nayo ni mapana mengine, si ya Boxer. Usije ukadanganywa kufungiwa tairi jembamba la bodaboda kwa kuchonga rimu, chombo kitakuwa kinapepesuka kila kona. Dawa ni moja: siku unayolipa pikipiki, agiza tairi mbili za nyuma na tyubu zake ziwekwe ndani kwako. Mbili, si moja. Ukisoma tairi utaona tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lina miaka minane limeshakauka, na jua letu haliongezi utamu.

Na usidanganyike kwamba Bajaj ni Bajaj. Injini ya Avenger 220 ni ya ukoo wa Pulsar, hairithi chochote kwenye Boxer, hivyo ule wingi wa spea za Boxer unaouona mtaani haukusaidii.

Kwenye barabara, kitu cha kuangalia ni mahali miguu inapokaa. Kwenye Boxer ukiliona tuta unanyanyuka kidogo bila kujua, magoti yanakuwa springi. Kruza yenye vikanyagio vya mbele sana haikupi nafasi hiyo. Umekaa kama kwenye kiti cha kinyozi, na shokapu za nyuma ni fupi, basi tuta likija linapokelewa na uti wa mgongo moja kwa moja. Mara moja si kitu. Kwenda na kurudi kila siku, mwaka mzima, utanitafuta. Kwa hiyo ukikaa kwenye chombo cha kujaribu, angalia kama unaweza kukanyaga na kunyanyua makalio sentimita tano tu. Rebel vikanyagio vyake viko katikati, unaweza. Virago, kwa shida kidogo. Avenger vimekwenda mbele, hapo utapunguza mwendo na kuvumilia. Upande wa tumbo la pikipiki, Avenger na Meteor zimeinuka kama sentimita 17 kutoka ardhini, kwa sababu zimetengenezwa India ambako matuta yanafanana na yetu. Za Kijapani ziko chini zaidi. Wewe na kilo zako 58 utapita. Siku ya kumpakia mtu, lipite tuta kwa mshazari, taratibu.

Upepo nao usiudharau. Kuanzia Juni mpaka Oktoba unajua unavyopuliza. Kwenye kruza umekaa wima, kifua wazi, mikono imetanuka, wewe ndiwe tanga. Lori likikupita, kwanza linakusukuma, halafu linakuvuta. Usiukaze usukani. Legeza viwiko, bana tenki kwa mapaja, acha chombo kijinyooshe chenyewe. Huo urefu wa kruza kutoka gurudumu hadi gurudumu hapo ndipo unapokulipa.

Breki: kwa sababu uzito mwingi uko nyuma na chini, breki ya nyuma ya kruza inafanya kazi kuliko ya Boxer. Lakini ya mbele bado ndiyo kubwa. Virago na Rebel ya zamani nyuma zina breki ya ngoma tu. Meteor ina ABS, yaani breki zisizoacha gurudumu lijifunge na kuteleza, kwenye magurudumu yote mawili, na kwa mtu wa kila siku kwenye barabara ile ya malori, yenye mchanga uliomwagika kwenye kila maingilio, hilo ni jambo la kulipia.

Mafuta sitakuchosha nayo. Virago ina tenki la lita tisa na nusu, nyingine kubwa zaidi, Meteor lita 15. Kondoa ni kama kilomita 160, utafika na yoyote. Kwa Virago jaza Kondoa kabla hujaiacha lami.

Kwa hiyo ipi? Ingekuwa ni binti yangu wa kumzaa, mguu 72, kilo 58, Mtumba kila siku, vumbi mara moja kwa mwezi, ningemtafutia Virago 250 au ndugu yake DragStar 250, iliyonyooka, na tairi mbili ndani. Ni nyepesi, iko chini, haina rejeta ya kuvuja, injini inapozwa na hewa, na fundi yeyote anayejua kabureta ataielewa. Nikiikosa iliyo safi, Avenger 220 ya kabla ya 2020, ambazo bado ni za kabureta. Meteor ndiyo ninayoipenda zaidi kuiendesha, sikufichi, na kwa barabara ya lami peke yake ningeiweka juu ya zote. Kama daftari litakwambia 75, nenda nayo na usirudi nyuma. Ila ujue ni ya kupuliza mafuta kwa kompyuta. Ikigoma njiani, fundi wa chini ya mwarobaini hana la kufanya zaidi ya kukupa pole.

Rebel 500 ni chombo kizuri mno, kiti cha chini na nguvu ya kutosha maisha yako yote. Hiyo nguvu ndiyo sababu siipendekezi mwaka huu. Ukitoka kwenye Boxer, mkono wa kulia bado una tabia ya kuvuta mpaka mwisho.

Leseni yako iangalie kabla ya yote. Kama imeandikwa A1, ni ya pikipiki ndogo za chini ya cc 125. Kruza zote nilizozitaja zinataka A.

Ukienda kukagua, fika asubuhi bila kutoa taarifa ya saa kamili, ushike injini. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameiwasha mapema kuficha kitu. Iwashe ikiwa baridi. Moshi wa buluu usiokatika ni oili inaungua. Fungua tenki umulike ndani, kutu ya tenki ndiyo inayoua kabureta kila wiki. Pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele, ikitoka oili sili zimekufa. Nyanyua gurudumu la mbele, zungusha usukani kushoto na kulia, ukihisi kama unakwama katikati, beringi zimekula. Namba ya chesesi na ya injini zifanane na kadi tarakimu kwa tarakimu, na jina kwenye kadi liwe la anayepokea fedha au awe na maandishi ya mwenye jina. "Kadi iko kwa shemeji Mwanza" ni kwaheri.

Fedha yako usiimalize kwenye chombo. Robo iache pembeni. Itanunua tairi, bima, na kofia ngumu ya kweli yenye alama ya usalama ya ECE, si ile ya abiria wa bodaboda inayozunguka kichwani kama sufuria. Na hapa wadada husahau: ipime ukiwa na mtindo wa nywele unaoishi nao. Ukiipima na rasta, siku ukifumua italegea, na kofia iliyolegea ni pambo. Kama unabadilisha kila mwezi, pima ukiwa umefumua, halafu suka mistari iliyolala. Kitenge na sketi ndefu zifunge ndani ya suruali au koti la mvua, kwa sababu cheni iko wazi na haibagui. Cheni yenyewe usiipake grisi nzito, ikishika mchanga inageuka msasa. Tone la oili ya gia kwenye kitambaa, ipanguse kila Jumapili.

Wiki mbili za kwanza usiende nayo kazini. Nenda asubuhi na mapema kwenye vile viwanja vilivyopimwa pembezoni mwa mji, ambako barabara imechongwa lakini nyumba bado. Fanya kitu kimoja tu: mwendo wa mguu, klachi nusu, breki ya nyuma imeguswa kidogo, geuza kwenye upana wa barabara bila kuweka mguu chini. Macho yaangalie unakokwenda, si kwenye gurudumu. Kruza ni ndefu, inageuka kwa uvivu, na hapo ndipo wengi wanaiangusha. Ukiweza mara kumi kushoto na kumi kulia, nenda Mtumba.

Na mama usimpakie kwanza. Siti ya nyuma ya kruza nyingi ni kipande cha mkate, na mtu mzima akiyumba nyuma yako kwenye mchanga mtaanguka wote.

Pima mguu leo. Ukipata chini ya 70, niandikie kabla hujalipa hata shilingi, kwa sababu hapo Avenger inatoka, na itabidi tuzungumze habari ya fundi wa viti kupunguza sponji sentimita mbili, ambayo ni kazi ya asubuhi moja. Wakikwambia wapunguze shokapu badala ya kiti, kataa.